Mzungu Aliyefungua Chupa Saa Tisa

Mwaka niliotimiza miaka kumi, kila mtoto wa mtaa wetu wa Kiandutu alijua saa ambayo mzungu wa makumbusho hufungua chupa yake. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa hivi za mchana, jua likiwa limechoma mabati vya kutosha. Kwanza alivuta pumzi kwenye meno, ssss, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kisha kimya. Kisha po! Harufu ya pombe ilipenya chini ya mlango, na watoto waliokuwa wamejipanga nje ya ua walitimua mbio hadi barabarani, wakicheka na kulia kwa pamoja.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu ndani ya nyumba hiyo alikuwemo Mama na ndoo yake ya kupigia deki.

Ilikuwa nyumba ya mawe, pale Thika, alimoishi zamani meneja wa shamba la kahawa. Wazee fulani walikuwa wameigeuza makumbusho madogo. Kulikuwa na mashine ya kukoboa kahawa, mikuki miwili, ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa, kitanda cha chuma, na kabati la kioo lenye vibuyu vitano. Ukutani kulikuwa na picha ya meneja mwenyewe ameshika fimbo, anakuangalia kama mtu aliyeletewa chai baridi. Watu walisema alifia kwenye kile kitanda kabla hajamaliza kinywaji chake, na sasa amerudi kumaliza. Sikuona sababu ya kubisha. Mtu akiacha kinywaji nusu, hurudi.

Mama alikuwa ameajiriwa kusafisha pale tangu Januari. Kabla ya hapo alizunguka mlango kwa mlango akiuliza kama kuna nguo za kufua, na siku ambazo hakuna aliyekuwa nazo, tulikunywa chai ya rangi tukalala. Kazi ya makumbusho ilituletea maziwa kwenye chai. Kwa hiyo Mwalimu Kamande, msimamizi wa makumbusho, alipoanza kumwangalia Mama kwa jicho la pembeni, niliona maziwa yakiondoka.

Mwalimu Kamande alikuwa amestaafu, lakini alizungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa darasani.

"Mama Wangari," alisema siku moja, akinusa hewa, kisha kikombe cha Mama, kisha ndoo, "hii mambo ilianza ulipokuja wewe."

"Mwalimu, mimi hata soda hunifanya niumwe na kichwa."

"Na vibuyu? Vitatu vimepasuka. Vimegongwa na nini kama si fagio lako? Shule mbili zimekataa kuleta watoto. Ijumaa ya wiki ijayo ninaleta pasta. Akiomba na hiyo kitu iendelee, tutatafuta mtu mwingine wa kusafisha."

Mama alipiga deki pale pale alipokuwa amesimama mwalimu, mpaka akalazimika kusogea.

Zilikuwa siku za likizo na nilikuwa nikienda kazini naye. Usiku ule niliamua kwamba nitamkamata huyo mzungu mwenyewe. Sikuwa jasiri. Ni vile tu nilijua gharama ya kukosa kazi, na nilidhani mzimu ukionekana waziwazi, hakuna atakayemlaumu Mama tena.

Nilianza kwa kumhoji Wafula, mlinzi wa lango, mtu mpana aliyetoka upande wa Bungoma. Nilimshuku kwa sababu alipenda kula na alikuwa na muda.

"Mimi?" alisema. "Mtoto, mimi tangu nianze kazi hapa sijaingia hicho chumba. Nalinda kutoka nje. Kinachotaka kutoka, kitoke, nitakipisha."

Nikamwondoa Wafula kwenye orodha.

Mtu wa pili niliyemwendea alikuwa Cucu, mama yake Mama. Sikumshuku, nilitaka tu ushauri. Mimi ni Wangari kwa sababu yeye ni Wangari. Ndivyo tunavyopewa majina kwetu, na hakuwahi kuniita mjukuu. Aliniita wakini, yaani wa jina langu. Aliishi Kiuu, kule Ruiru, na tangu Mama apate kazi alikuwa akija na treni kila Jumatano na kila Ijumaa kutusalimia, na mwavuli wake mweusi na kikapu. Nilidhani uzee umemfanya atupende zaidi.

Kwenye lile kabati kulikuwa na kibuyu chake pia, kile kikubwa cheusi alichoachiwa na mama yake. Alikuwa amekitoa kwa makumbusho mwanzoni mwa mwaka.

"Cucu, ni mzungu kweli?"

Alifikiri kidogo. "Wakini, mzungu simjui. Lakini usikaribie vibuyu. Kibuyu kikikaa bila kulishwa hulia, na mtoto anayechungulia kikilia hushikwa na tumbo. Umesikia?"

Nilisikia. Niliandika onyo hilo kwenye daftari langu, chini ya neno "Hatari".

Jumatano iliyofuata nilichukua unga wa ugali kiganja kimoja, nikaunyunyiza sakafuni mbele ya kabati, mwembamba kama vumbi, wakati Mama amekwenda kuteka maji. Kisha Mama akanituma mandazi. Niliporudi, Cucu alikuwa ameketi kwenye ngazi akipumzika, na kwenye unga kulikuwa na nyayo. Zilikwenda hadi kwenye kabati, zikarudi. Zilikuwa nyayo ndogo za kiatu bapa, na kando ya kila hatua ya kulia palikuwa na tundu la duara, dogo kama sarafu.

Nikainua macho kwenye picha. Meneja. Fimbo.

Nilipiga mayowe mpaka Wafula akafunga lango kutoka nje.

Hapa ndipo ninapojionea huruma nikikumbuka. Ushahidi wote niliupata vizuri kabisa, na nikausoma kinyume. Cucu alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu, mwavuli umeegemea goti, ncha yake nyeupe kwa unga, akiniuliza kama mandazi ni ya moto.

Wiki ya maombi ilipofika sikuwa nimelala vizuri kwa siku kadhaa. Jumatano ile nilijificha nyuma ya ngozi ya ng'ombe, sala mdomoni, nikimngojea mzungu. Mlango ulilia. Fimbo ikagonga sakafu, ko, ko, ko. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nilimwona Cucu akifungua kabati kama mtu anayefungua la nyumbani kwake. Akatoa chupa ya chai kwenye kikapu, akamimina uji ndani ya kibuyu kile cheusi, taratibu, bila kumwaga tone. Akakiziba kwa gunzi la mahindi, akalipiga gunzi hilo ngumi moja, akasema, "Haya, kula."

Ngozi ilipiga chafya. Ndiyo, ilikuwa mimi.

"Wakini," alisema bila kugeuka, "toka huko kabla hujanuka ng'ombe."

Alinieleza haraka, macho yakiwa mlangoni. Kibuyu cha uji hakiwekwi kikavu. Uji ukichachia ndani yake siku mbili, kinapata unyevu na mafuta, kinaishi. Kikikauka kinapasuka. Alikuwa akikilisha Jumatano, na Ijumaa jioni anakuja kuchukua uji wake uliochacha vizuri. Kelele ni gesi tu, alisema, joto la mabati ndilo linaloiharakisha. Halafu akanipa uji wa wiki iliyopita uliobaki kwenye kopo, ili nifunge mdomo.

"Ukimwambia mtu, mimi na wewe tumekwisha."

Nilikunywa vikombe vitatu. Ulikuwa mkali na mtamu, ukiuma ulimi kama soda. Usiku tumbo lilinishika vibaya sana, nikakumbuka onyo lake, nikamheshimu kwa mara nyingine.

Ijumaa pasta alikuja na chupa ndogo ya mafuta na tai nyekundu. Tulisimama chumbani: Mwalimu Kamande, Mama, mimi, na Wafula karibu sana na mlango. Cucu aliketi kwenye kiti pembeni, mwavuli mapajani, uso wa mtu asiyejua lolote. Pasta alianza na kitanda, akakipaka mafuta. Akaja kwenye mashine ya kahawa. Akafika kwenye kabati, akalifungua, akanyanyua mkono.

"Toka!" alisema.

Ssss, kibuyu kikajibu.

Pasta aliangalia nyuma kuona kama wengine wamesikia. Tulikuwa tumesikia. Jasho likamtoka, lakini hakurudi nyuma, na kwa hilo nampa heshima hadi leo.

"Nasema toka! Toka sasa hivi!"

Po!

Gunzi lilitoka kama lilivyoamriwa, likampiga katikati ya paji la uso, na povu likafuata hadi kwenye tai. Wafula alikuwa barabarani kabla gunzi halijaanguka chini. Pasta alimfuata, akiacha mafuta. Mwalimu Kamande alirudi nyuma hadi akakaa kwenye kitanda cha marehemu, akaruka kana kwamba kimemuuma, akatoka nje. Akaongea kupitia dirishani.

"Mama Wangari. Niletee funguo."

Mama alivua aproni. Aliikunja mara mbili, polepole, akaiweka juu ya ndoo, akaanza kutafuta funguo mfukoni. Nilimwangalia Cucu. Alinitazama na kutikisa kichwa kidogo sana, hapana.

"Ni Cucu," nikasema. "Ni uji tu. Anachachisha uji."

Mama akageuka. "Mami?"

Cucu hakuniangalia tena. Aliinuka, akaenda kwenye kabati, akatoa vibuyu vitatu vilivyopasuka, kimoja kimoja, akavipanga kwenye dirisha alipokuwa mwalimu.

"Mwalimu, wewe umesoma. Ukiwekwa ndani ya kioo, jua linakupiga, huli, hunywi, si utapasuka? Hivi havikupigwa na fagio la mtu. Vimekufa njaa. Sasa angalia changu." Akakipiga kwa kucha. Kilitoa sauti nzito, ya kitu kizima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umeandika pale 'Usiguse'. Ningekuambia nini?"

Mwalimu Kamande aliangalia kibao, akaangalia vibuyu. Kisha akauliza kama uji huo unanyweka. Alikunywa akiwa nje, dirishani, na aliomba kikombe cha pili. Funguo zilibaki mfukoni mwa Mama, na wiki iliyofuata alipewa kazi nyingine juu ya kusafisha: kulisha vibuyu.

Cucu hakuniita wakini tena. Aliniita "mtoto wa Nyambura", kwa jina la Mama, kama jirani. Hilo liliniuma zaidi ya tumbo. Nilijiambia kwamba nilisema kweli, na kweli ndiyo iliyomwokoa Mama, basi kosa langu ni lipi?

Nilipata jibu miaka sita baadaye. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, na nilikwenda Kiuu kumsaidia Cucu kuuza mboga. Siku moja, tukichambua sukuma, nilimuuliza kwa nini alitoa kibuyu kama hakuweza kukiacha.

Alisema mwalimu alikuwa ameshampata mtu mwingine wa kusafisha. Lakini hakuwa na kibuyu kikubwa cha zamani, na alikitaka sana cha Cucu. Wakakubaliana: kibuyu kiende kabatini, kazi iende kwa Mama. Cucu alimwapisha asimwambie binti yake, kwa sababu Mama alikuwa amerudi nyumbani akiimba, akisema amechaguliwa kati ya wanawake saba kwa vile anavyojua kupiga deki. Cucu hakutaka nianze kuvuta uzi mmoja, ukafumuka wote.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ulikuwa na miaka kumi na daftari."

Nimefikiri sana juu ya lile dirisha na zile funguo. Ningesema tena, najua. Lakini siku ile nilijiona nimefichua siri yote ya nyumba ile, kumbe nilifichua uji tu, na mzee wa watu akasimama akaaibika mbele ya mwalimu na binti yake bila kutaja neno moja ambalo lingempa haki.

Mama bado anasafisha pale. Akipata wageni huwaambia kwamba mwalimu alimchagua kati ya wanawake saba, na siku hizi wamekuwa tisa. Mimi huwa nimekaa kando, naosha vikombe, na mgeni akinigeukia kuuliza kama ni kweli, namwambia hajawahi kuona sakafu iliyopigwa deki kama ya Mama.