Jamvi la Chang'ombe na Viatu Vyangu Vyeupe

Jumapili ile, mwanangu, naikumbuka kwanza kwa sauti yake. Mlio mkavu, mfupi, kama nazi inapopasuliwa, kisha kimya. Nimezika wazazi wangu wote wawili na nimeona mengi katika mji huu wa Dar es Salaam, lakini sijapata kushtuka tena kama nilivyoshtuka siku ile. Na zaidi ya mlio wenyewe, nilishtushwa na mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu baada yake. Kaa nikueleze, maana nimesikia kazini kwako wameanza kukupa shughuli za kuaminiwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa serikali, nimepanga chumba Chang'ombe, na sie vijana wa huko tulikuwa na klabu yetu ya kriketi. Usicheke. Walitucheka wengi wakati ule, wakisema huo ni mchezo wa Wazungu na Wahindi, nyie mnatafuta nini. Tuliwaacha waseme. Makarani, walimu, mafundi wa karakana, kila mmoja alikuja kwa hiari yake baada ya kazi. Bi Mwanahawa, mjane aliyekaa ubavuni mwa kiwanja, alitupikia chai na vitumbua kila Jumapili bila kuombwa, na ukichelewa kumrudishia kikombe alikusema mpaka ukajuta kuzaliwa.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mrushaji anaurusha mpira ugonge chini kwanza, halafu unyanyuke umwendee mpigaji, naye aupige kwa gongo lake huku akivilinda vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma yake. Mpira ni wa ngozi, mgumu kama jiwe. Kwa hiyo pale unapogonga chini ndipo penye kila kitu. Kiwanja chetu kilikuwa udongo mwekundu wenye changarawe, mbuzi wanapita, wafanyakazi wa viwandani wanakatiza njia. Ndiyo maana kila Jumapili asubuhi tulifagia, tukaisawazisha ardhi kwa gogo la zege lililosukumwa na watu wanne, kisha tukatandika jamvi refu la kamba za makumbi ya nazi na kulibana kwa vigingi. Jamvi hilo tulipewa na Wahindi wa klabu moja ya mjini walipopata jipya. Lilikuwa limechakaa, lakini tulilipenda kama mke wa kwanza.

Mkuu wa jamvi alikuwa Mzee Mbaruku. Alikuwa ametunza kiwanja cha Wazungu miaka mingi, na alipoacha kazi alikuja kwetu mwenyewe, akashika ufagio. Alikuwa na desturi moja. Jamvi likishatandikwa, alivua makubazi yake, akapita juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, unyayo mmoja mbele ya mwingine, akitafuta jiwe au kigingi kilichoinuka. Akimaliza huku anarudi kule. Ilichukua dakika kumi, na wachezaji walikuwa wanahema kwa kukosa subira.

"Jicho hudanganywa na jamvi," alituambia. "Unyayo haudanganyiki."

Msimu ule tulicheza vizuri mno. Ulibaki mchezo mmoja tu, na klabu kubwa ya mjini, na kabla yake tulikubaliana tugawane timu mbili tucheze wenyewe kwa wenyewe ili tumpate nahodha. Waliotaka unahodha walikuwa wawili. Mmoja ni Fundi Issa, mchonga vinyago kutoka kusini, mpigaji wetu bora. Wa pili ni Mwalimu Gabrieli, mtu wa bara, wa upande wa Ziwa, aliyefundisha shule ya jirani na kurusha mpira vizuri kuliko sisi sote. Alhamisi ile walirushiana maneno mbele ya watu, maneno ya ujana tu, lakini watu waliyaweka moyoni.

Jumamosi Mzee Mbaruku akapata taarifa ya msiba huko Kimbiji. Ilibidi avuke ng'ambo kwenda kuzika. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa klabu, akaniita.

"Ramadhani, nakuachia jamvi. Lipite kwa unyayo, mwanangu. Usimwachie mtu."

"Usiwe na shaka, Mzee," nikamjibu.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Wiki ile nilikuwa nimepata viatu vya turubai vyeupe, vipya, nikavipaka chaki mpaka vikang'aa. Jumapili watu walijaa pembeni ya kiwanja, na wasichana wa Temeke wamo. Tulifagia, tukatandika, tukabana vigingi. Ikabaki kupita. Nikatazama jamvi, nikatazama viatu vyangu, nikawatazama watu. Mimi, karani, katibu, nivue viatu nitembee peku mbele ya kadamnasi kama mpagazi wa bandarini? Nilipita na viatu. Nilikwenda huku, nikarudi kule, kifua mbele, nikasikia mtu akisema, "Katibu kapendeza leo." Nikapunga mkono nikasema, "Tayari!"

Fundi Issa aliingia kupiga. Mwalimu Gabrieli akarusha mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote mizuri. Wa nne ukagonga chini palepale alipozoea kuugongesha, na badala ya kunyanyuka kiunoni ukaruka juu ghafla, ukampata Issa jichoni.

Ule ndio mlio niliokuambia. Issa alianguka kwa magoti, mikono usoni, damu ikapita katikati ya vidole. Bi Mwanahawa alitupa birika akapiga yowe. Lilikuja lori la kiwanda kimoja pale karibu, wakambeba, wakaenda naye hospitali, na kabla vumbi halijatulia mtu mmoja akapaza sauti: "Kakusudia huyo! Wa bara huyo, kamlipizia ya Alhamisi!"

Na wengine wakaitikia. Gabrieli alisimama katikati ya kiwanja, anasema, "Haki ya Mungu sikukusudia," lakini nani wa kumsikiliza? Walimfukuza kiwanjani kwa matusi ambayo siwezi kukutajia.

Watu walipotawanyika nilibaki kulikunja jamvi. Nilipofika pale mpira ulipogonga, nikaliona. Jiwe, la ukubwa wa kidole gumba, limekaa chini ya jamvi limenitumbulia macho. Unyayo wa mtoto mchanga ungelihisi. Nikageuka huku na huku, hakuna mtu. Nikaliokota, nikalitia mfukoni.

Kwa nini? Mpaka leo najiuliza. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia keshokutwa. Hofu ni mwalimu mbaya, mwanangu, kwa kuwa hufundisha haraka.

Jumanne jioni tukafanya mkutano uani kwa Bi Mwanahawa. Habari kutoka hospitali zilikuwa zimefika: jicho la Issa limepotea. Mchonga vinyago, jicho moja! Watu walikuwa wamevimba kwa hasira. Mwenyekiti wetu alisema kikulacho ki nguoni mwako, na wote wakamtazama Gabrieli, nami jiwe limo mfukoni mwangu. Bi Mwanahawa peke yake ndiye aliyebisha.

"Nyie wanaume," alisema, "mbona mnamhukumu mtu na aliyeumia hajasema neno?"

Ndipo Gabrieli akasimama. Hakupandisha sauti. "Mpira niliugongesha pale ninapougongesha siku zote," alisema. "Katibu, wewe ndiye uliyetandika. Waambie, jamvi lilikuwa sawa?"

Macho yote yakanigeukia. Mwanangu, nilifungua kinywa nikasikia sauti yangu ikisema, "Lilikuwa sawa."

Gabrieli alinitazama, akakaa. Wakaamua afukuzwe klabu, na mkuu wa shule yake aandikiwe kwamba mwalimu wake amemtoa mtu jicho kwa makusudi. Katibu ndiye mwandishi. Nikaiandika barua ile kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, na asubuhi nikaifikisha shuleni mwenyewe.

Alasiri ya siku ile Mzee Mbaruku akarudi kutoka Kimbiji, na habari zote alikwisha kuzisikia njiani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia nimfuate kiwanjani. Tangu Jumapili hakuna aliyecheza pale. Akavua makubazi, akaanza kupita juu ya udongo mtupu, unyayo baada ya unyayo, mimi nyuma yake. Akasimama. Akainama, akatia kidole gumba katika kishimo kidogo, kikaenea sawasawa.

"Jiwe lililokaa hapa liko wapi?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, nikalitoa. Aliliangalia, akaviangalia viatu vyangu vyeupe, na machozi yakamtoka mzee yule. Hakunipiga, hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Ulipita na viatu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kosa la viatu ni la ujana, hata mie nimewahi kuwa na viatu. Lakini mwenzio kaungua siku tatu, wewe umekaa na maji mfukoni." Akavaa makubazi yake. "Mie sitasema. Nikisema mie, utakuwa umekamatwa tu. Nenda ukaseme mwenyewe."

Nikaenda moja kwa moja hospitali kwa Issa. Na huko nikapigwa na mshtuko mwingine. Issa amekaa kitandani, kichwa kizima kimefungwa bendeji, na pembeni yake kakaa Mwalimu Gabrieli, bakuli la uji mkononi, anamnywesha kijiko kwa kijiko. Mtu niliyempelekea mkuu wake barua ya kumshtaki asubuhi ile! Nikasimama mlangoni kama mwizi.

"Nani huyo?" akauliza Issa.

"Mie, Ramadhani." Nikasema yote pale pale, viatu, jiwe, mkutano, barua. Sikubakiza. Gabrieli aliacha kijiko kikining'inia hewani. Issa akageuzia uso upande wa sauti yangu.

"Umewaambia wenzetu?" aliuliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

"Kwangu unatafuta nini? Jicho halirudi. Kazi ya Mwalimu hapa bado yaweza kuokoka. Toka, wahi!"

Kesho yake niliwakusanya uani kwa Bi Mwanahawa nikasema mbele yao. Wapo walionitemea mate, na walikuwa na haki. Mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwa Gabrieli kumwomba radhi. Nami nikaandika barua nyingine, nikakimbilia shuleni. Mkuu wa shule, Mzungu mmoja mrefu, aliisoma, akafungua mtoto wa meza akaitoa ile ya kwanza, akaziweka mbili sambamba.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hii ya leo ni wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi niambie, nimwamini yupi?"

Akanieleza kwamba siku ileile alipopokea ya kwanza alikwisha kumwandikia mkubwa wake wa elimu, na amri ya kumhamisha mwalimu ilikuwa njiani. Niliapa, nililia, nikasimama pale mpaka tarishi akaniondoa. Mwezi haukwisha, Gabrieli akahamishwa mbali bara. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulikwenda stesheni klabu nzima kumsindikiza. Issa alikuja na kitambaa jichoni, wakakumbatiana mpaka kengele ya gari moshi ikagongwa. Nilijificha nyuma ya watu, lakini Gabrieli alinitafuta. Akanipa mkono, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza:

"Siku ile mkutanoni nilikuuliza wewe, Ramadhani, kwa sababu nilijua wewe si mwongo."

Gari likaondoka. Sikupata kumwona tena. Issa aliendelea kuchonga, tena alichonga vizuri, na miaka mingi baadaye tulikunywa kahawa pamoja, lakini tulipokuwa tunacheka mara nyingine alinyamaza ghafla, nami nikajua anachokumbuka. Msimu uliofuata niliomba nipewe kazi ya jamvi peke yake. Ukatibu niliuacha.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa kazi ndogo ifanye kama ulivyoelekezwa, hata kama inakushusha mbele ya watu, maana aliyekuonyesha namna ile ameona asichokiona mwenye kutazama kwa mbali. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, wewe ni mwanadamu, sema siku ileile. Usilale nalo. Jiwe nililiacha chini ya jamvi kwa majivuno, na Issa akalipoteza jicho. Hilo angalau sikulijua. Lakini neno "lilikuwa sawa" nililisema nikijua, na lilimpoteza mtu aliyekuwa ananiamini. Ukiulizwa na mtu anayekuamini, hata kama ulimi umekuwa mzito kama gogo, mpe ukweli wake. Ni mali yake, si yako.

Na kama siku moja utaona watu wote wamemgeukia mtu mmoja, hasa kwa kuwa anatoka mbali, ngoja kwanza. Bi Mwanahawa hakujua kurusha mpira wala kulishika gongo, lakini siku ile uani kwake ni yeye tu aliyekuwa na akili.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mikono mepesi ya kazi na ulimi usioogopa, akuepushe na siku ya kuaminiwa ukashindwa, na ikikufika, akupe ujasiri wa kusema kabla gari halijaondoka. Amin.