Siku Niliyoitwa Arusha Nikabaki Tlawi

Kosa langu la mwanzo, mwanangu, lilikuwa kubaki nyumbani siku niliyoitwa. Niruhusu nikuite hivyo, wewe unayeanza kujifunza kazi hii, ingawa ndevu zangu bado hazijajaa. Huku kwetu Tlawi aliyetangulia njiani ni mkubwa wako, hata kama ametangulia hatua chache tu.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Kampuni moja ya kusafirisha mizigo kwa ndege, kule Arusha, ilikuwa inachukua vijana wa kujifunza kazi kwa mtihani. Baba mkubwa, anayelima vitunguu saumu kijiji cha Daudi, ndiye aliyeniombea nafasi kupitia mnunuzi wake anayesafirisha na kampuni hiyo. Nililisikia basi likipanda mlima taratibu, nami nimeketi kitandani, viatu vimefungwa. Sikuwa nimemaliza kusoma sura ya kusafirisha wanyama hai. Basi likapita. Nikampigia baba mkubwa nikamwambia mvua imekata barabara. Akakata simu, maana Daudi ni jirani, na kwao jua lilikuwa linawaka.

Kazi hii niliipenda nikiwa machungani. Nilikuwa nalala chali kwenye nyasi, ndege inapita juu sana, haina sauti, inaacha mstari mweupe. Na kule mbali mlima Hanang umekaa juu ya mawingu kama kitu ambacho usiku umesahau kukichukua. Nikawa najiuliza tumboni mwa ile ndege kuna nini. Maua? Samaki? Vifaranga wanaolia gizani juu ya bahari wasiyoijua?

Baada ya kidato cha nne, nyumbani hawakuwa na uwezo wa kunipeleka chuo, nikajifundisha kwa simu. Nikajua kwamba godoro la sponji hulipiwa ukubwa wake badala ya uzito wake, kwa sababu linakalia nafasi ya wengine. Nikajua betri na manukato havipakiwi hivi hivi. Nilinakili kila kitu kwa mkono, nikikosea herufi moja nachana ukurasa. Mama aliiita bidii. Mimi nilijua ni hofu, nikaifunika kwa methali: haraka haraka haina baraka. Ile nyingine, ngoja ngoja huumiza matumbo, sikuitaja kabisa. Ndivyo tulivyo, mwanangu. Tunachagua methali kama mtu achaguavyo shahidi.

Nikaitwa mara ya pili. Baba mkubwa alinipa habari kwa upole, akaongeza kwamba hatakuwa na uso wa kuniombea tena. Hapo ile methali niliyoificha ikanijia yenyewe.

Jioni Babu aliwaita wazee wenzake wanibariki kwa slufay, ile baraka yetu Wairaqw ambayo mzee mmoja hutamka na wengine huitikia. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, tukatulia. Sauti ya Babu ikaenda polepole juu ya mashamba, juu ya maji, juu ya ng'ombe na watoto, wazee wakiitikia kama upepo unaopita kwenye shayiri. Nikaanza kusinzia kwa raha.

Kisha Babu akanyamaza. Maneno yalikuwa yamempotea. Nilihisi aibu yake kifuani mwangu.

Mzee mmoja, jirani yetu, akakohoa. "Umeruka mvua, bwana. Unataka kijana aondoke na ukame?"

Wazee wakacheka, Babu akacheka kuliko wote, akarudi kwenye mvua, na baraka ikaendelea hadi mwisho.

Walipoondoka nilimuuliza, "Babu, hukuona haya kukwama mbele ya watu?"

Akaketi tena karibu nami. "Ulitaka nisubiri mpaka nikumbuke yote ndipo nikubariki? Ungeondoka na nini kesho? Wale wanaoitikia unadhani wamekaa pale kwa ajili ya nini?"

Hakuitaja ile mvua niliyoitunga. Nadhani aliijua.

Asubuhi nilipanda basi, sura ya wanyama hai bado haijaisha. Kwenye mtihani nilishindwa sehemu ya mizigo ya hatari kama zile betri, ile ile niliyoinakili vizuri kuliko zote. Mkamia maji hayanywi. Wakanichukua hata hivyo, kwa sharti la kuirudia. Nikairudia, huku nikimuuliza kila niliyemkuta ghalani.

Basi, mwanangu, soma kwa nguvu zako zote, lakini siku ukiitwa nenda na ulichonacho. Mzigo hupita mikono mingi kabla ya kupaa. Wewe ni mkono mmoja, na usipojua, sema hujui ili mwenzako akuitikie. Mungu wa babu zetu akulainishie njia, akupe wa kukuitikia ukikwama, na chochote unachokituma kifike kizima.

Mimi bado naogopa. Ila siku hizi nikiitwa, naenda.