Mimba Isiyotajwa

Jirani yangu Miza, fundi cherehani hapa Buyenzi, ana haya kupita kiasi. Mbele ya baba mkwe wake hata maji hanywi.

Siku tumbo lilipomkata hadi akaanguka, mumewe alikuwa safarini Uvira, kwa hiyo baba mkwe, mzee Obeid, ndiye aliyempeleka kliniki moja ya Rohero. Wakataka kumpiga skana, ile mashine ya mionzi. Daktari Melchior akauliza, mzee akiwa amesimama palepale:

"Mama, uko na mimba?"

Kwetu mimba changa haitajwi, sembuse mbele ya mkwe.

"Apana, docteur," Miza akajibu, macho chini.

Alikuwa nayo. Ya kwanza, baada ya miaka ya kulia.

Skana ilionyesha jiwe la figo, nalo likatoka lenyewe. Miza akarudi kwa daktari peke yake, akamwambia ukweli. Hakugombezwa. Daktari alimweleza kuwa mionzi hukadiriwa: atachukua namba zilizobaki kwenye mashine, pamoja na umri wa mimba, amtumie mwenzake ajuaye hesabu hizo, ijulikane ni kiasi gani kilimfikia mtoto. Angoje simu. Hata mimi, mtu pekee mtaani aliyeambiwa siri yake, nilimsihi angoje.

Lakini Kudra, muuza dawa za miti shamba, alikuja kupunguziwa gauni. Miza akamuuliza, akijifanya anamuulizia mwingine.

"Mutoto mwenye alipita mu ile mashini ameshaungua," Kudra akasema. "Atazaliwa bila macho."

Mdomo ule! Skana yenyewe hajawahi kuiona. Na dawa ya kuitoa mimba, bila shaka, alikuwa nayo kikapuni.

Nilimkuta Miza bafuni, kanga imelowa damu. Nilikuwa bado namfuta miguu simu ilipolia.

"Mama Miza, habari nzuri!" Alikuwa daktari. "Mionzi yenye ilimufikia mutoto ni kidogo sana, iko mbali na ile ya kumuumiza. Zaa bila wasiwasi. Sasa mwambie na mukwe, afurahi."

"Murakoze, docteur," Miza akashukuru, akakata simu. Kisha akajiuma mkono asisikike. Nilitamani kupiga mayowe kwa niaba yake.

Hakuna aliyekuja kumpa pole, maana hakuna aliyejua. Mzee Obeid tu ndiye aliyebisha mlango jioni.

"Mwanangu, ni ile jiwe tena?"

"Ndiyo, baba. Ni ile jiwe."

Maskini mzee, akaenda kumnunulia dawa ya figo.