Sarafu Isiyo na Kichwa

Jumapili iliyopita, hapa Mpepai, mzee mmoja alimfuata katekista nje ya kanisa, kofia mkononi. Alikuwa ametumbukiza kikapuni sarafu ya mia mbili ambayo kiwandani walisahau kuichapa kichwa. Baadaye alisikia wakusanyaji wa sarafu hununua za namna hiyo kwa bei kubwa, sasa aliitaka irudi.

"Sadaka hairudi, mzee wangu," alisema katekista. "Labda uinunue mnadani."

Ikanadiwa pamoja na kuku na mahindi ya sadaka. Watu walipandisha bei, mpaka mzee akaikomboa kwa mbuzi.

"Mbuzi wetu alikuwa na kichwa," mkewe alimwambia taratibu.

Jumapili hii kila muumini alisimama mbele ya kikapu akigeuzageuza sarafu yake, mpaka kwaya ikaishiwa nyimbo. Mimi pia niligeuza yangu. Ilikuwa na kichwa, basi nikamtolea Mungu.