Mashine ya Mama na Vipande Vinne vya Tairi

Binti yangu ana mtindo wa kunionyesha mambo ya ajabu kwenye simu yake. Juzi alinionyesha kundi la watu wa Ulaya, wengi wao wazee wenye mvi, wanaopenda mashine za zamani za kufulia, zile za kutia nguo kwa juu. Si kwamba wanazitumia tu, wanazipenda kwelikweli. Wanazipaka rangi upya, wanazipiga picha, wanafungua kifuniko na kurekodi maji yanavyozunguka, kisha wanapongezana. Binti yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilikuwa nimeanza kucheka naye, mpaka mzee mmoja alipoiwasha ya kwake na sauti ikatoka: gudu-gudu, gudu-gudu, kisha mtetemo, kisha kishindo cha mguu mmoja unaogonga sakafu.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu akanitazama usoni, naye akaacha kucheka.

Sauti ile ilikuwa ya uani kwetu, Lindi mjini, katika nyumba ya Babu na Bibi waliomzaa Mama. Mashine yetu ilikuja miaka ile biashara zilipofunguliwa, wakati maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalipoanza kujaa sabuni za kila rangi, na kila mtu mjini akawa anamjua mtu aliyekwenda Dubai. Baba yangu aliuza mitumba, na muda mwingi alikuwa njiani. Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito, na Baba akaapa kwamba nepi za mtoto huyu hazitafuliwa kwa mkono. Za kwangu zilikuwa zimefuliwa kwa mkono, tena nilikumbushwa jambo hilo kila nilipokosa adabu.

Basi akainunua Dar es Salaam, kuukuu, rangi ya maziwa, imeandikwa maneno ya nchi ambayo hakuna aliyeifahamu. Ikapandishwa lori, ikavushwa Rufiji kwa pantoni, ikalala siku mbili kwenye tope huko Kiranjeranje. Ilipofika kwetu ilikuwa na kinyesi cha kuku juu ya kifuniko na mguu mmoja umepinda. Babu aliizunguka mara tatu. Alikuwa fundi mitambo wa shamba la mkonge kabla hajastaafu, na mtambo mgeni kwake ulimpa haya kidogo, kama anayetambulishwa kwa mkwe.

Wale wazee wa kwenye simu wana sababu nyingi za kuipenda mashine ya kifuniko cha juu. Sisi tulikuwa na moja tu, nayo ilitutosha: bomba letu lilitoa maji kwa kudondosha, tena siku lilipopenda. Mashine ya mlango wa mbele ingetushinda. Hii yetu ulifungua kifuniko, ukamimina ndoo zako nne, ukatupia sabuni, ukafunika, ukazungusha kile kirungu cha kuwashia na kukivuta, nayo ikaanza. Ukikumbuka soksi uliyoisahau, ulifungua ukaitupia ndani. Katikati palikuwa na nguzo yenye mapezi iliyogeuka huku na huku, na nguo zikawa zinapanda na kuzama kuizunguka. Majirani walikuja kuangalia. Bibi aliijaribu kwa kitambaa kimoja cha kichwa, akakinusa, akakikagua kwenye mwanga wa jua.

"Inafua," alisema, "lakini inafua kama mtu aliyelazimishwa."

Babu aliijengea banda dogo la mabati uani, lenye mlango, ili mvua isiiguse. Ikakaa humo ikisubiri nepi.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, akaishi siku nne. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka nilimwona mara moja tu, ngumi zake zimekunjwa, na nikaambiwa nisimguse kwa mikono yenye embe. Baba alikuwa safarini, akafika mdogo wangu ameshazikwa. Alikaa wiki mbili, akaketi sana barazani, kisha biashara ikamwita tena.

Wanawake waliokuja kumpa Mama pole walimwambia asilie. Walisema kwa mapenzi, hilo nalijua. Bibi mwenyewe alimfuta uso kwa upindo wa kanga yake akamwambia, "Usimlilie, mwanangu. Yule ni malaika, anakusubiri kwenye mlango wa pepo. Ukimlilia utampa taabu." Na Mama, ambaye alikuwa mtiifu kwa mama yake hata katika mambo ya chumvi ya mchuzi, akaacha kulia.

Lakini pia aliacha kucheka. Sijui kama nimewaambia kwamba Mama yangu alikuwa mcheshi. Alikuwa akiigiza mwendo wa kila mtu aliyepita nyumbani, na alikuwa akicheka kwa kujipigapiga paja. Sasa akawa anajibu unapomwuliza, anapika, anasalimu wageni, na usiku anaingia kulala. Nilimkosa naye yumo nyumbani. Kila jioni nilimwomba Mungu anirudishie, na nilikuwa tayari kutoa chochote, hata daftari langu la stika.

Arobaini ilipokwisha, akaanza kufua.

Alianza na nepi za mtoto, zile ambazo nyingi hazijavaliwa. Akazifua, akazianika, akazikunja, akaziweka sandukuni. Kisha akafua mashuka. Kisha mapazia, na baada ya siku mbili mapazia yaleyale. Sare yangu ya shule iliyofuliwa jana ikafuliwa leo. Kila umeme ulipokuwepo mchana, Mama aliingia bandani na ndoo zake. Sisi watoto, mimi na binamu zangu wawili, tukisogea alitufukuza. "Ondokeni hapa, umeme usije ukawarusha." Akafunga mlango wa bati, na mashine ikaanza kunguruma. Ilipofika kwenye kukamua, ule mguu uliopinda uligonga sakafu, mabati yakaitikia, kuku wakakimbia, na Bibi akashika kichwa.

Nikafikiri: hiki ndicho kitu pekee Mama anachokipenda sasa. Na kama anaipenda ikiwa mbovu hivi, je ikiwa nzima? Nilimfuata Babu barazani alipokuwa akinywa kahawa.

"Babu, itengeneze mashine isipige kelele. Mama atafurahi."

Babu aliniita mke wangu, kama babu wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke wangu," akasema, "leo umesema la maana."

Tulingoja Jumamosi, Mama alipokwenda Sudi kumwona shangazi yake. Babu akaleta bisibisi ndefu. Akaiwasha mashine tupu, akaweka ncha ya bisibisi kwenye bati lake na mpini kwenye sikio, akafumba macho. Hivyo ndivyo walivyosikiliza mitambo ya mkonge. Akanipa nami nisikilize. Mle ndani ya mpini mlikuwa na ngurumo nzima ya dunia.

"Anachechemea," akasema. "Mguu wa kushoto nyuma."

Tukaunyoosha mguu. Akakaza nati ambazo hazikuwahi kukazwa tangu Ulaya. Kisha akakata vipande vinne vya tairi kuukuu la lori, vya mviringo, akavipima kwa kamba, akavisugua kwenye jiwe mpaka vikawa sawa, na tukaviweka chini ya miguu. Alipoiwasha tena, ilitoa sauti ndogo tu ya maji. Babu alikuwa na fahari ambayo sikuwahi kuiona. Alisema kipimo chake hakijawahi kukosea tangu ujana, na nikamwamini.

Jumapili Mama akaingia bandani na mapazia. Mimi na Babu tulikaa mkekani, hatua chache tu kutoka mlangoni, tumebana vicheko kama wezi. Mlango ukafungwa. Tukasikia ndoo ya nne ikimiminwa, kirungu kikavutwa. Kisha kimya, na ule mchirizi mdogo wa maji. Mlango ukafunguliwa. Mama akasimama akitutazama.

"Imekuwaje?"

"Tumeitengeneza!" nikapiga kelele. "Mimi na Babu! Haigongi tena!"

"Ahsanteni," Mama akasema. Akatabasamu kidogo, akarudi ndani, akafunga.

Nilingoja acheke. Badala yake, baada ya muda, nikasikia mtu anavuta pumzi kwa kukatakata, kama mwenye kamasi nyingi. Ilikatika ghafla. Ikaanza tena, ndogo zaidi, kama imezibwa na kitambaa, ikakatika.

"Mama ana mafua," nikamwambia Babu.

Babu alikuwa amekishika kikombe cha kahawa karibu na midomo, na hakunywa. Bandani pakawa kimya kabisa, na haukupita muda Mama akatoka na mapazia hayajakamuliwa, maji yakimchuruzika miguuni.

Jumatatu hakufua. Jumanne sahani yake ilirudi jikoni vilevile ilivyokwenda. Siku ya nne hakuinuka kitandani, akasema kichwa kinamuuma, na Bibi akamchemshia majani, na nikasikia watu wazima wakitaja hospitali kwa sauti ya chini. Nyumba yetu kuta zake hazikufika kwenye paa. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakupa pole. Nililala nikisikiliza pumzi za kila mtu, na za Mama sikuzisikia, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mchana wa siku ya tano nilimkuta Babu bandani, amepiga magoti. Alikuwa ameiinua mashine kwa gogo na anatoa vipande vya tairi kimoja kimoja. Kisha akachukua nyundo akaupinda ule mguu wa kushoto nyuma, akaupinda kuliko ulivyokuwa mwanzo. Akalegeza nati.

"Babu, unaiharibu!" Nikaanza kulia, nikamshika mkono. "Tuliitengeneza! Ni ya Mama!"

"Nyamaza, mke wangu," akasema, bila kunitazama. "Nilikosea kipimo."

Nilimchukia siku hiyo, niseme kweli. Alijifuta mikono, akaenda mpaka mlango wa chumba cha Mama. Hakuingia. Akasema akiwa nje ya pazia, "Mwanangu. Mashine imerudi kama ilivyokuwa. Inuka ukafue."

Kisha nikasikia kitanda kikilia.

Ilinguruma kuliko zamani. Mabati yalitetemeka, misumari ikacheza, na Bibi akatoka jikoni ameshika kichwa akilalamika kwamba tutafukuzwa mtaani. "Kelele gani?" Babu akamwuliza. "Mimi masikio yangu yaliziba tangu mkonge." Na akawasha redio yake, akaipandisha mpaka mwisho. Mama alitoka jioni, macho mekundu, akala wali wote na kuniomba ukoko. Wiki ile alifua kila siku. Baadaye ikawa siku mbili kwa wiki, na baadaye Jumamosi tu, kama watu wengine. Siku moja alimwigiza Bibi alivyoshika kichwa, akajipiga paja. Nilikimbia nje kumshukuru Mungu, na daftari la stika nikalificha asije akalikumbuka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Babu alikosea kipimo. Mtoto husamehe lakini hafuti, na kila nilipoisikia ile mashine ikigonga nilimwonea huruma fundi mzee aliyeshindwa na mguu mmoja.

Nilikuwa na miaka ishirini Babu alipofariki. Nyumba ilijaa watu mpaka uani: ndugu wa Nyangamara, ndugu wa Sudi, watu wa mkonge. Mama ndiye mtoto mkubwa, kwa hiyo kila swali lilikuwa lake. Mchele uko wapi? Nani ataleta mikeka? Siku ya tatu ikafika, na sikuwa nimeona chozi lake hata moja. Kila aliyefika alimwambia, "Tunakutegemea wewe, jikaze." Mchana nikamwona anafungua mlango wa chumba chake, kuna wageni wamelala. Akaufunga taratibu. Akafungua stoo, kuna wanawake wanachambua mchele, wakamwita aje akae. Akaenda bandani, na banda lilikuwa limejaa mabegi. Akasimama pale, mkono kwenye mlango wa bati, na sijui alikuwa anatazama nini.

Ndipo nikasikia tena, baada ya miaka kumi na miwili, yale mafua ya Mama, pumzi ikikatika na kuzibwa.

Nilitoa mabegi yote nikayarundika juani, bila kuuliza ni ya nani. Nikanyakua kanga za kwenye kamba, safi kabisa, nikazitia. Nikamimina ndoo nne. Nikazungusha kirungu, nikakivuta, nayo ikaanza, gudu-gudu, na ule mguu ukagonga vilevile Babu alivyoupinda.

"Mama," nikamwambia. "Kuna nguo za kufua."

Alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kisha akaingia, na nikafunga mlango nyuma yake.

Shangazi mmoja akaja mbio: jamani, kufua msibani, na kelele zote hizi, kumetokea nini? Nikaketi chini, mgongo kwenye bati, nikalisikia likitetemeka mpaka kifuani.

"Hakuna kitu, shangazi," nikasema. "Mama anafua."