Mama Radi Kwenye Mwamba

Wanafunzi walimwita Mama Radi, naye alijua. Alifundisha hisabati, na sauti yake ilitangulia viatu vyake koridoni. Akimwita mtu ubaoni, mtu huyo alikwenda kama anayepelekwa kuchinjwa. Shule nzima iliamini kwamba mwanamke yule hajui woga unafananaje.

Hawakujua kwamba nyumbani kwake taa ikiungua, ni mumewe anayepanda kiti kubadilisha balbu, yeye akiwa amegeuzia uso ukutani. Hawakujua kwamba benki ya ghorofa ya pili aliihama kwa sababu ngazi zake zilikuwa za chuma na mtu aliweza kuona chini kupitia matundu. Hakuwahi kuanguka, hakuwahi kusukumwa. Aliogopa urefu tu, tangu utoto, na hakuwa na kisa cha kueleza.

Siku mwalimu mkuu alipomwita ofisini, alidhani ni mambo ya ratiba. Kumbe shule ilikuwa imekubaliwa kwenye mpango wa kuwatoa wanafunzi madarasani Jumamosi, wakavuke mito kwa kamba, waunde vyelezo vya kuelea, washuke miamba, ili wajifunze kufanya kazi pamoja. Mwalimu wa michezo ndiye aliyekuwa awasindikize, lakini alikuwa amelazwa hospitali, ametoka kupasuliwa tumbo.

"Wewe wanakusikia," mwalimu mkuu alisema. "Ukiwepo, hakuna atakayeleta mchezo."

"Kazi yangu ni kusimamia tu?"

"Kusimamia tu."

Wiki ile sahani zake zilirudi jikoni zimejaa. Mumewe, fundi redio, alimwona akikizungusha kijiko kwenye sahani.

"Si umwambie tu kwamba unaogopa?"

"Nimwambie, kesho darasa zima lijue? Watoto wakishajua unaogopa, wanakupanda kichwani."

"Basi waache wapande kichwa, wewe usipande mwamba."

Mama Radi alicheka, akacheka kweli, kisha kicheko kikamkatikia katikati.

Mwamba wenyewe ulikuwa nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa, umekatwa wima kama ukuta. Mkufunzi alikuwa msichana mwenye mikono ya mbeba magunia, lakini aliongea polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Aliwagawa wanafunzi makundi. Mmoja anashuka. Watatu wako chini: mmoja ameshika kamba, wawili wamemshikilia huyo mshika kamba kwa nyuma. Na mmoja anasimama mbali kidogo, pale anapouona mwamba wote, amwelekeze anayeshuka aweke mguu wapi, maana aliye juu haoni miguu yake.

"Sheria ni moja," mkufunzi alisema. "Hakuna kumfokea aliye kwenye kamba. Mtu akishaogopa, kelele zinamziba masikio."

Mama Radi aliangalia pembeni.

Asubuhi ilikwenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa yeye. Kila mtoto aliyeinama kwenye ukingo, moyo wa Mama Radi ulishuka naye, ukarudi juu peke yake kumsubiri mwingine. Ndipo mvulana mmoja mrefu, waliyemwita Mnara, akauliza bila ubaya wowote: "Mwalimu yeye hashuki?"

Nyuso zote zikamgeukia.

"Si lazima," mkufunzi alisema haraka.

Na hapo ndipo alipotakiwa kushukuru na kunyamaza. Lakini mdomo wake haukuwa umezoea kurudi nyuma mbele ya darasa. "Nitashuka," ulisema.

Kundi lililobaki lilikuwa la Mnara na mapacha wawili, na wa kuelekeza alikuwa msichana waliyemwita Kimya. Mwaka mzima Kimya hakuwa amejibu swali hata moja la hisabati. Akiitwa ubaoni alisimama na chaki mkononi hadi machozi yamtoke, na Mama Radi alikuwa amekwisha kumwita gogo mbele ya wenzake, zaidi ya mara moja.

Mkufunzi alimvika kofia ngumu, akamfunga mkanda wa kiunoni na mapajani, akazikagua pete za chuma, akazikagua tena. "Jiegemeze nyuma, kama unayekaa kitini. Kamba itakubeba."

Hakuna kiti kilichowahi kuwa kibaya namna ile. Alijiegemeza, ardhi ikamtoka. Alishuka hatua chache bila kujua vipi. Kisha soli ya kiatu ikateleza, akayumba, bega likajipiga kwenye jiwe. Kokoto ilibanduka chini ya mguu wake. Akaisikiliza ikianguka. Ilichukua muda mrefu mno kufika.

Akaikumbatia kamba kwa mikono yote miwili, shavu kwenye mwamba, macho ameyafumba. Masikioni mwake kulikuwa na mvumo kama wa maji. Sauti za watoto zilipanda zote kwa pamoja, mguu huu, mguu ule, na hakushika neno hata moja. Kutoka juu mkufunzi alimuuliza kama amfuate. Ulimi haukumsogea. Aliogopa kufa, na aliogopa kwamba atajikojolea mbele ya wanafunzi wake, na hakujua lipi lilikuwa baya zaidi.

"Nyamazeni," mtu alisema chini. "Hasikii mkipiga kelele hivyo."

Alikuwa Kimya. Wenzake wakanyamaza, labda kwa mshangao.

"Mwalimu, miguu yako naiona mimi. Si lazima ufungue macho."

"Siwezi," Mama Radi alisema.

"Najua. Usifanye chochote kwanza. Pumua tu."

Alipumua. Kisha neno likamtoka, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: "Naogopa."

Hakuna aliyecheka.

"Tumekushika, mwalimu. Kamba haijasogea. Ukiwa tayari, mguu wa kulia, chini kidogo. Bado. Bado. Hapo, kuna jiwe limejitokeza. Umeona?"

Hakuwa ameona kitu, ila mguu ulikuwa umelipata. Akashuka hivyo, jiwe kwa jiwe, akining'inia kwenye sauti ile kuliko kwenye kamba, hadi mikono ya mapacha ilipompokea kiunoni. Akakaa kwenye vumbi na kofia yake ngumu imekwenda upande.

"Ulijuaje cha kuniambia?" aliuliza alipopata pumzi.

Kimya aliangalia viatu vyake. "Ndivyo ninavyotamani kuambiwa nikiwa ubaoni."

Ndani ya basi Mama Radi alikaa kiti cha mbele, akihesabu mara alizowahi kumwita msichana yule gogo.

Jumatatu alimwita Kimya ubaoni, mwenyewe akaketi kwenye dawati la msichana. Kimya aliandika mstari mmoja, akasimama. Darasa likasubiri radi. "Tuko hapa," mwalimu alisema. "Taratibu." Jibu lilitoka na kosa, wakalirekebisha pamoja, na ilichukua karibu kipindi kizima.

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Koridoni wavulana waliigiza: "Naogopaaa." Aliwapita, uso ukimwaka. Lakini mchana wanafunzi wawili walikuja chumba cha walimu na madaftari, kuuliza jambo walilofundishwa muhula uliopita. Walikuwa hawajalielewa tangu siku ile, na waliogopa kusema.

Wiki kadhaa baadaye, mwalimu wa michezo alipopona, mwalimu mkuu alimwambia Mama Radi apumzike sasa. Akajisikia akiomba abaki kwenye mpango. Mumewe aliposikia aliweka bisibisi chini, akamtazama.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mto. Kamba mbili zilikuwa zimevutwa toka ukingo huu hadi ule, moja ya kukanyaga na moja ya kushika, na maji yalipita chini yake, ya kahawia na ya haraka. Nyuma ya foleni palikuwa na mvulana amepauka midomo, amekwisha kuwaruhusu wenzake wote wapite. Mama Radi akaenda kusimama naye.

"Unaogopa?"

Mvulana alisita, akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi pia," alisema. "Nitangulie, au utangulie?"

Mvulana alifikiri. "Tangulia, mwalimu. Nitakuangalizia miguu."

Akafunga mkanda wake, akazikagua pete, akazikagua tena, akakanyaga kamba.