Vitenzi vya Bibi Remedios

Émérance, mama wa Bukavu, alikuwa katika mwaka wake wa tisa wa kuogesha wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia huko Ulaya, mtaa wa Woluwe. Kihispania alifundishwa na Bibi Remedios wa chumba cha mwisho. Uzee ulikuwa umemnyang'anya bibi Kifaransa chote, ukamwachia lugha ya mamake tu, na katika nyumba nzima hakuna aliyejisumbua kumsikiliza isipokuwa Émérance. Kila asubuhi, sifongo mkononi, alijifunza neno: maji, mgongo, sabuni.

Kisha bibi akaleta vitenzi vya ajabu. Amedrentar: kumtia mtu hofu mpaka anyamaze. Alikunja uso na kuinua ngumi ili mwanafunzi wake aelewe. Émérance akacheka. Bibi hakucheka. Alipandisha mkono wa gauni, na juu ya kiwiko palikuwa na alama nne za vidole, nyeusi.

"Lucienne," alisema.

Maskini Émérance! Huyo Lucienne, muuguzi mkuu na mtu wa kwao, ndiye aliyemwombea kazi. Ndiye aliyemsimamia binti wa Émérance harusini, yeye na Émérance wamevaa kitambaa kimoja walichokichagua pamoja katika maduka ya Chaussée de Wavre. Kwa watu wa Bukavu, marraine, yaani msimamizi wa ndoa, ni mzazi. Na mzazi hashtakiwi kwa Wazungu. Siku ya nne akapiga moyo konde, akaenda kwa mkurugenzi.

Akamkuta Lucienne ameketi humo humo, anatia sahihi karatasi.

"Ah, maman Émérance!" Lucienne akatabasamu. "Mutoto yetu anaendelea muzuri na mimba yake? Bon, sema tu. Niko nasikia."

Mkurugenzi akauliza kuna nini. Mwanamke aliyevuka mpaka kwa miguu, risasi zikilia nyuma yake, leo ananywea mbele ya tabasamu! Inaudhi hata kuisimulia.

"Bibi wa chumba cha mwisho," akasema kwa Kifaransa, "anasikia baridi."

Akarudi kwa bibi na blanketi jipya. Bibi akalitazama, akaelewa. Akamfundisha kitenzi kingine, taratibu, bila kinyongo: acobardarse, kuufyata mkia kwa woga. Émérance akakirudia huku machozi yanamtiririka.

Zamu ya Lucienne ilikuwa inakaribia.

"Usilie," bibi akamwambia. "Nivalishe sweta mbili. Akinishika, mikono yangu haitauma sana."